Mtu Akipanda, Wewe Shuka: Miaka Yangu Kwenye Simu za Dharura

Wanangu wa chumba cha simu, mliniomba nije siku moja nizungumze na hawa wapya walioanza kazi juzi. Nimefikiri, nikaona nikija nitacheka, nitalia, na nusu ya niliyokusudia kusema nitaisahau njiani. Bora niandike. Vyeo sitavigusa, anayevitaka anajua pa kwenda kuuliza. Nataka kuzungumzia jambo moja tu: namna ya kusema na mtu ambaye dunia inamwangukia, ana simu mkononi, na kwa dakika ile hana mwengine ila wewe.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nafundisha watoto wadogo skuli, Wete. Nilipohamia Chake Chake baada ya kuolewa, nikasikia wanatafutwa watu wa kupokea simu za dharura za kisiwa kizima. Nilidhani ni kazi ya kukaa. Nikakuta chumba chenye meza mbili, simu, redio ya upepo, ramani ya Pemba iliyobandikwa ukutani, na Mzee Hamad.

Mzee Hamad alikuwa amefanya kazi ya redio bandarini Wesha, akisema na manahodha. Umri wake wote alisema na watu asiowaona, na alikuwa na sauti moja tu: ya chini, ya polepole, kama anayekuelekeza njia ya sokoni. Siku yangu ya kwanza alinivisha hedifoni na kukizima kipaza sauti changu.

"Leo huna mdomo," akaniambia. "Una masikio tu."

Nilikasirika kidogo. Mwalimu hapendi kunyamazishwa. Lakini nilisikiliza, na mpaka jioni nilikuwa nimeshaona kwamba watu wanaopiga simu hawafanani hata kidogo. Mmoja analia, mwengine anatukana, mwengine anaomba radhi kwa kutusumbua.

Simu ya kwanza niliyopokea kwa mdomo wangu ilitoka Gando. Naikumbuka kama ya leo.

"Assalaamu alaykum," sauti ya mzee ikasema.

"Waalaykumu ssalaam. Hapa ni simu ya dharura, uko…"

"Habari za asubuhi, mwanangu?"

"Nzuri, mzee. Una…"

"Watu wa hapo wazima?"

"Wazima, mzee."

"Alhamdulillahi. Na sie wazima. Ila jiko linaungua, na moto umeshashika paa la nyumba."

Nilikaribia kucheka. Nilimtazama Mzee Hamad aliyekuwa akisikiliza pamoja nami, nikakuta uso wake umekaza. Akafunika kipaza sauti chake kwa kiganja. "Huyo ameshapotea," akaninong'oneza. "Mrudishe."

Nikamuuliza mzee msikiti gani uko karibu naye. Akanitajia, na Mzee Hamad akawa ameshageukia redio kuwaita zimamoto. Nikamuuliza jina. Akasema anaitwa Shaame.

"Mzee Shaame, ndani ya nyumba yumo nani?"

Nilisikia makuti yakipasuka motoni.

"Asha," akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Mke wangu. Sijamwona."

Pale pale sauti yake ikapaa, na nikasikia makubadhi yakikimbia. Alikuwa anaingia ndani.

"Mzee Shaame, usiingie. Simama ulipo, umwite. Mwite kwa jina lake, kwa nguvu zako zote, nami nasikiliza pamoja nawe."

Akamwita. Akamwita tena. Mara ya tatu nikasikia, mbali sana, sauti ya mwanamke akiitika, "Labeka!" Alikuwa nyuma, kwenye mihogo yake, hana habari kwamba nyumba inaungua.

"Nasikia mtu anaitika," nikamwambia.

"Na mie namsikia," akasema Mzee Shaame, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Majirani waliyang'oa makuti ya upande mmoja kabla gari ya zimamoto haijafika, na nusu ya nyumba ikapona. Mimi nilivua hedifoni, na ndani ya kifua nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Watoto wa skuli niliwapenda, lakini hakuna somo lililowahi kunifanyia vile.

Tangu siku ile sikuwahi kumkatiza mtu salamu zake. Anayelia utamsikia mwenyewe. Anayekuuliza hali yako huku nyumba inaungua, huyo ndiye wa kumshika mkono upesi, kwa sababu akili yake imebaki kwenye jambo la mwisho inalolijua, nalo ni adabu. Mjibu kwa ufupi, kisha mpeleke unakotaka.

Mzee Hamad hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alilonikariria lilikuwa moja. "Mtu akipanda, wewe shuka," alisema. Mpigaji akipandisha sauti, yako iteremshe. Ukipanda naye, mtakuwa wawili juu ya paa na hakuna wa kuwashikia ngazi. Alinikataza pia neno "tulia". Alisema hajapata kuona mtu aliyetulia kwa sababu ameambiwa tulia, na mke wake mwenyewe ni shahidi. Mtu mwenye hofu mpe kazi. Mikono yake ikipata la kufanya, pumzi inarudi yenyewe.

Hilo nililielewa sawasawa msimu wa karafuu. Mnajua msimu ule ulivyo: kisiwa kizima kinanukia, majamvi ya kuanikia yametanda kila barabara, na watu wamo juu ya miti tangu alfajiri. Kijana mmoja alipiga simu akipiga kelele kwamba kaka yake kaanguka kutoka juu ya mkarafuu, hajui kama mzima au kafa.

Nikamuuliza yuko wapi. Hajui. Alikuja kuchuma kutoka upande mwengine wa kisiwa, analala kambini, hajui hata jina la kijiji. Nikamuuliza msikiti. Akanitukana.

"Nyinyi mnauliza maswali tu na mtu anakufa!"

Alikuwa na haki ya kuniona vile. Yeye haoni kinachofanyika upande wetu; anasikia mwanamke mmoja mwenye maswali. Kwa hiyo nikamweleza. "Baba, gari ya wagonjwa inawashwa sasa hivi, dereva yumo ndani. Nnakuuliza ili nimwambie apinde wapi. Sasa nambie, hii mikarafuu mnayochuma ni ya nani?"

Kisha akataja jina la mwenye shamba. Mzee Hamad aliinua mikono kama aliyefunga goli. Pemba mtu anaweza asijue njia, lakini mikarafuu ya nani kila mtu anajua. Simu moja kwa sheha wa pale, na dereva akapata njia mpaka mlango wa shamba.

Huku nyuma nikasikia watu wakisema, "Mnyanyueni, mnyanyueni, tumtie kwenye gari ya ng'ombe." Hilo lilinisimamisha kitini. Nikamuuliza kijana jina lake. Salim.

"Salim, weye ndiye mkubwa wa pale sasa. Waambie hao wasimguse. Piga magoti kichwani kwake, kishike kichwa kwa mikono miwili, kisiende huku wala huku. Simu mpe mtu akuwekee sikioni. Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi sema naye. Mwambie asikuangalie wewe, aziangalie karafuu juu ya mti. Mwambie lolote, lakini kichwa kisicheze."

Nilimsikia Salim, yule aliyenitukana, akisema na kaka yake kwa sauti ya chini, polepole, kama Mzee Hamad. Alikuwa ameshashuka bila mtu kumwambia ashuke. Kaka yake alikuwa amevunjika mfupa wa mgongo, lakini mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake ilikuwa salama. Daktari alisema kama wangemnyanyua vile, asingetembea tena. Sasa anatembea, ingawa mikarafuu haipandi, na mama yake kaapa haipandi tena.

Nakuja sasa kwenye simu ambayo wenzangu waliozoea kunisikia wanaijua kwa moyo. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, bahari shwari, na mimi nilikuwa nimeweka kikombe cha chai mezani. Simu ikalia, nikapokea, na nikalazimika kuisogeza hedifoni mbali na masikio. Wanawake wengi walikuwa wakipiga mayowe kwa pamoja, wengine wakisoma shahada.

Sauti moja ikapenya. "Tunazama. Mwambie mume wangu funguo za kabati zimo ndani ya mtungi. Mwambie anisamehe."

"Utamwambia mwenyewe. Jina lako nani, dada?"

"Time."

"Bi Time, mie naitwa Mize. Mmo wapi?"

Kwa maneno yaliyokatikakatika nikaipata habari yote. Walitoka Chokocho kwa boti ya mashine, wanakwenda harusini kwenye kisiwa cha ng'ambo. Bi Time alikuwa shangazi wa bibi harusi. Katikati ya njia ubao mmoja wa chini uliachia, maji yakaingia, mashine ikazimika. Nahodha alikuwa ameukandamiza kwa goti ubao ule na kuuziba kwa shuka, hawezi kuondoka. Ndoo ya kuchotea maji ilikuwa imeanguka baharini kwenye zile fujo.

Mzee Hamad, ambaye mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwake kazini, alikuwa ameshamshika sheha wa Chokocho kwenye simu ya pili. "Sheha, toa boti zote," nikamsikia akisema. "Ndio, hizo zinazopakwa rangi pia."

Lakini boti haziruki. Mpaka zifike, watu wale ilibidi waelee wenyewe, na wa kuwaambia namna ya kuelea nilikuwa mimi, ambaye bahari naijua kwa kula samaki. Nikamwangalia Mzee Hamad. Akafunika simu yake na kusema maneno mawili: "Wakae. Wafue." Yaani wakae chini, na wayachote maji kuyamwaga nje.

"Bi Time, watu wamekaa au wamesimama?"

"Wamesimama. Wote wamekimbilia upande mkavu."

Boti ikielemewa upande mmoja ingepinduka kabla ya kujaa. "Waambie wakae chini, nusu huku, nusu kule, wakumbatie watoto."

"Hawanisikii, Bi Mize. Wanalia."

Ni kweli, hata mimi nilikuwa simsikii yeye vizuri. Nikafikiri: watu wale wanakwenda harusini. "Bi Time, nani anayewaongoza kuimba?"

"Kuimba?"

"Kwenye ngoma. Nani anayeanza?"

"Bi Mkasi."

"Mpe simu."

Nikasikia simu ikipokezanwa, kisha sauti pana ya mama mtu mzima, nzito, inatetemeka. "Naam."

"Bi Mkasi, sauti yako inawafunika wote hao?"

"Nikitaka."

"Leo taka. Anza wimbo wowote wanaoujua. Wakiitikia, waambie wakae ndani ya wimbo huo huo: nusu kulia, nusu kushoto."

Kisha akaanza. Wanangu, nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi na sijasikia jambo kama lile. Sauti yake ilipanda peke yake juu ya mayowe, ikarudi, ikapanda tena. Kisha mtu mmoja akaitikia. Kisha wanne, watano. Mayowe yakaanza kupungua jinsi wimbo unavyokua, mpaka yakawa yote wimbo. Nilisimama. Nywele za mikono zilinisimama pamoja nami.

"Wamekaa," akasema Bi Time, aliyerudishiwa simu.

"Vyema. Sasa maji. Mna vyombo gani?"

"Masufuria. Lakini yana pilau."

"Mwageni pilau."

"Bi Mize, hii pilau ya walima, ya wageni wote wa harusi. Mbuzi watatu."

"Bi Time, walima haufanyiki bila wageni. Mwageni."

Nikamsikia akigeuka na kusema kwa uchungu mkubwa kuliko ule wa kuaga mumewe, "Anasema tumwage pilau." Mtu mmoja akauliza, "Yote?" Nikajibu yote, na mifuniko pia waifanye vyombo. Wakamwaga. Wakaanza kuchota. Bi Mkasi, bila kuambiwa, akaubadilisha wimbo kuwa wa haraka, na nikasikia maji yakimwagika baharini kwa mapigo, kila kiitikio na mwago wake. Nahodha akapiga kelele kwamba yanapungua.

Nikaendelea kumuuliza Bi Time mambo madogo: anaona nini nyuma yake, mnara wa simu uko bega gani, mikoko iko mbali gani. Kila alichonambia, Mzee Hamad alikipeleka kwa sheha, na sheha kwa watu walioko majini. Kule kijijini walikuwa wametangaza kwa kipaza sauti cha msikiti, na vijana wakaingia baharini wengine na brashi za rangi mikononi. Boti ilikuwa imesukumwa na mkondo mpaka nyuma ya mikoko, isingeonekana upesi. Lakini waokoaji walisimulia baadaye kwamba hawakuhitaji kuiona. Waliisikia. Waliufuata wimbo wa harusi.

"Naona watu," Bi Time akasema ghafla. "Bi Mize, naona watu wanakuja."

"Msisimame. Wimbo usikatike. Watoto kwanza, kisha mmoja mmoja."

Wote walitoka. Mpaka watoto wachanga, mpaka bibi mmoja aliyekataa kushuka bila sufuria yake. Simu ilipokatika nilimgeukia Mzee Hamad. Alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa kanzu, anaifuta, anaifuta. "Nenda ukanywe chai yako," akasema. "Imeshapoa."

Harusi ilifungwa siku ile ile. Chokocho nzima ilipika tena, samaki na mihogo ya nazi, na nasikia wageni walikula wakasaza. Wiki ile ile Bi Time alikuja ofisini Chake, mwanamke mdogo kuliko sauti yake, kabeba sufuria ya pilau kichwani. Aliiweka juu ya meza yangu akasema, "Hii usiimwage." Kisha tukakumbatiana kama ndugu waliopotezana, na sote wawili hatukuwa tumewahi kuonana.

Sitawadanganya kwamba kila simu huisha hivyo. Zipo zilizonyamaza nami ningali nasema. Kwa hizo sina hila ya kuwapa, ila msizibebe peke yenu kurudi nazo nyumbani. Semeni na mwenzenu wa meza ya pili kabla hamjavua hedifoni. Na kesho yake njooni, kwa sababu inayofuata inaweza kuwa ya Bi Time.

Nilistaafu nikidhani hofu za watu nimezijua zote, za kuimba na za kunyamaza. Nilikuwa nazijua kwa upande mmoja wa waya.

Juzi hapa, mchana, tulikuwa tunakula, mimi na mume wangu Faki, wawili tu. Faki akasimama. Akashika koo. Uso wake ukabadilika rangi na hakutoa sauti hata kidogo, na mimi, Mize, niliyewafundisha nusu yenu, nikachukua simu na kupiga, na nilipopokelewa nilichosema ni, "Habari za kazi?"

"Nzuri, mama," msichana akajibu, sauti yake ya chini kabisa. "Na wewe salama?"

"Salama. Ila Faki hapumui."

Alikuwa Zuwena, mmoja wa wapya wenu. Sikuwahi kumwona. Hakuniambia nitulie. Aliniuliza kama Faki anakohoa, nikasema hapana. Akasema, "Mama, weka simu mezani, fungua spika. Simama ubavuni kwake, mwinamishe mbele. Kwa kiganja, katikati ya mabega. Piga, mama. Kwa nguvu. Nahesabu nawe."

Nikapiga. Alihesabu mpaka tano, kilichomkwama hakikutoka. Lakini sauti yake ilikuwa inajua inakokwenda, nami nikaifuata.

"Sasa nyuma yake. Mkumbatie. Ngumi juu ya kitovu, mkono wa pili juu ya ngumi. Vuta ndani na juu, mara moja, kama unamnyanyua."

Nikavuta. Nikavuta tena. Mara kipande cha pweza kikaruka kikagonga ukuta, na Faki akavuta pumzi iliyosikika, naamini, mpaka kwa jirani. Nikaanguka kwenye jamvi nikilia na kucheka, na simu ipo juu ya meza inasema, "Mama? Mama, nambie. Anazungumza?"

Nilimsikiliza mume wangu kidogo ili nisimpe Zuwena habari ya uongo.

"Anazungumza," nikamjibu. "Anasema pweza sikumchemsha vya kutosha."